Mtoto Akiomba Kusomea Ngoma

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Nne yatangazwapo, katika nyumba nyingi za nchi yetu huanza mazungumzo yasiyo na raha. Baba ameshika orodha ya vyuo. Mama anahesabu ada. Na mtoto, ambaye alama zake si mbaya wala si za ajabu, anasema kwa sauti ya chini kwamba angependa kwenda Bagamoyo akasomee muziki, au ngoma, au uchoraji. Nyumba hunyamaza. Kisha mjomba, ambaye siku hizo hakosekani, huuliza: "Hivi ngoma nayo ni ya kusomea?"

Wasomaji wapenzi, leo twalichukua swali la mjomba kama lilivyo, kwani si la mzaha. Ndani yake mna shauri la haki: je, mzazi anao uwezo wa haki kumkataza mtoto njia ambayo kipaji chake chamwelekeza? Na je, mtoto anayo haki ya kudai fedha ya nyumba nzima kwa ajili ya kazi ambayo haijulikani kama italisha hata mtu mmoja?

Yatupasa kwanza kumpa mzazi haki yake. Shilingi ya mkulima ni moja tu. Ikiisha kuingia katika ada ya mkubwa, haipo tena kwa ajili ya mdogo wake. Mzazi anayesita si bahili, wala si adui wa uzuri. Ameona vijana waliokwenda mjini kuimba wakarudi hawana hata viatu. Tena si kila aimbaye vizuri katika kwaya ya kigango ana kipaji cha kumbeba maisha yote. Wengi wana sauti nzuri kama vile wengi wana mwandiko mzuri, na basi. Anayemlaumu mzazi huyo kwa haraka hajapata kulipa ada.

Lakini maneno ya mjomba yamebeba mambo mawili yaliyofungwa mzigo mmoja, na hatuna budi kuyafungua. La kwanza ni kwamba ngoma haifundishwi, mtu huzaliwa nayo. La pili ni kwamba hata ikifundishwa, hailishi. Haya hayafanani hata kidogo, na mtu aweza kukosea katika moja akapata katika jingine.

Kwamba ngoma haifundishwi, wazee wetu wenyewe wangecheka kulisikia. Katika Usukuma mchezaji hakuokotwa njiani. Alijiunga na chama, akawa Mgika au Mgalu, akamfuata manju wake, akajifunza nyimbo, hatua na dawa za mashindano, na kijana aliyekosa hatua mbele ya watu aliaibisha chama kizima. Mmakonde achongaye mpingo alikaa miaka karibu na mchongaji mkubwa, akianza na kulainisha kazi ya mwenziwe kabla ya kuruhusiwa kuikata yake. Hizo zilikuwa shule. Hazikuwa na cheti wala kengele, lakini zilikuwa na mwalimu, na mwalimu alimjua kila mwanafunzi kwa jina la baba yake.

Maisha yalipobadilika, watu wakahamia mijini na watoto wakakaa madarasani mchana kutwa, shule zile zilianza kukosa wanafunzi. Katika miaka ya 1960 Serikali iliunda kikundi cha taifa cha ngoma, na mwaka 1981 ikafunguliwa pale Bagamoyo shule ambayo wengi bado huiita Chuo cha Sanaa, ingawa tangu 2007 jina lake ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hapo hufundishwa ngoma, muziki, maigizo, na sanaa za mikono. Mmoja wa walimu wake alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, fundi wa ilimba na zeze, ambaye sauti yake ilisikiwa Ulaya na Japani kabla hajafariki mwaka 2003. Mtu huyo hakujifunza ilimba katika chuo chochote. Lakini kijana wa Kihaya au wa Kipare angelikutana naye wapi, akae karibu naye, aone kidole gumba kinavyoteremka juu ya vyuma vile, kama si katika chuo? Kijijini kwa Zawose angeliingia mgeni. Bagamoyo aliingia mwanafunzi.

Hapa ndipo udogo wa chuo unapokuwa na maana, na twaomba msomaji asiupite upesi. Katika ukumbi wa wanafunzi mia tatu wanaosikiliza mhadhara wa sheria, mvivu aweza kujificha mpaka siku ya mtihani, na pengine hata siku hiyo. Katika darasa la wapiga ngoma kumi hawezi. Mkono wake ukichelewa nusu ya pigo, wenzake tisa wamesikia, na mwalimu amekwisha kumtazama. Mchoraji naye hutundika kazi yake ukutani, nayo hubaki pale ikimshuhudia. Elimu ya namna hii humfunza kijana jambo ambalo si muziki peke yake: humzoeza kusikia kosa lake likitajwa mbele ya watu, na kulirudia tena kesho asubuhi bila kununa. Mzazi adhaniye kwamba mtoto anakwenda kucheza angepaswa kukaa nje ya dirisha la darasa hilo saa moja. Kurudia hatua ile ile mara arobaini si mchezo.

Afrika Mashariki imepata kuona mara nyingi jinsi kitu kikubwa kinavyoanza katika chumba kidogo. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake kule Kampala, na kutoka baraza hiyo ikatokea shule ya sanaa ya Makerere. Sam Ntiro, mtoto wa Machame, alisoma hapo, akaendelea London, akarudi kufundisha; nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 ni yeye aliyepelekwa Uingereza kuwa balozi wetu. Bila shaka wapo waliosema huko Machame kwamba kuchora si kazi ya mtu mzima. Unguja nako, mwaka 2002, palifunguliwa chuo cha muziki wa nchi za majahazi, katika jumba la zamani la forodha pale Mji Mkongwe, ili vijana wajifunze kanuni, udi na fidla kwa wazee wa taarab kabla wazee hao hawajaondoka na elimu yao. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba fedha zimekwisha na milango iko karibu kufungwa. Haikufungwa. Hata hivyo habari ile yafaa ikumbukwe na kila mzazi, kwa maana chuo kidogo hukaa karibu na shimo siku zote. Kosa moja la hesabu, au mfadhili mmoja aliyechoka, hutosha.

Labda mtu atatujibu kwa jina moja tu: Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa kusini, akaja Dar es Salaam kutafuta kibarua, akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya kawaida ya nyumba juu ya vipande vya ubao laini, akaviuza kwa wageni. Alipouawa kwa risasi mwaka 1972 alikuwa amechora miaka michache tu, na leo namna nzima ya uchoraji yaitwa kwa jina lake. Chuo kiko wapi hapo? Jibu ni zuri, nasi hatulikwepi. Vipaji vya namna hiyo huvunja mlango wenyewe. Lakini na tutazame kilichofuata. Tingatinga alikuwa na wanafunzi wachache, ndugu na rafiki, waliokaa naye wakichora. Bila hao jina lake lingezikwa pamoja naye. Basi hata yeye aliyekosa chuo alikuwa amekifungua, chini ya mti, cha watu wasiozidi vidole vya mikono miwili. Na picha alizoziuza kwa shilingi chache huuzwa sasa ng'ambo kwa bei ambayo wajukuu wa ukoo wake hawaigusi.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuandike. Msanii asiyesoma huibiwa, tena mara nyingi pasipo mwizi. Chukua wimbo wa Malaika, ambao hakuna arusi ya pwani wala ya bara isiyoujua. Umeimbwa na mabingwa wa dunia. Lakini uliza ni nani aliyeutunga, utasikia wengine wakimtaja Adam Salim wa Tanzania, na wengine Fadhili William wa Kenya, na ubishi huo haujakwisha. Kama mtungaji, awaye yote kati yao, angaliuandika kwa nota siku ile, akatia tarehe na sahihi, pasingalikuwa na ubishi. Linganisha na Enoch Sontonga. Alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misheni karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 aliwatungia wanafunzi wake wimbo, akauandika kwa solfa, ile ile ambayo walimu wetu wa kwaya huichora ubaoni hata leo. Alifariki mwaka 1905, asijue utafika wapi. Sisi twauimba kila asubuhi ya shule, Mungu Ibariki Afrika, na hakuna awezaye kumnyang'anya jina lake.

Tufikie sasa la pili, kwamba sanaa hailishi. Hili ni kweli kwa sehemu kubwa, na haifai kuwadanganya wazazi. Lakini njaa hii haikushuka kutoka mbinguni kama ukame. Ina wenyewe. Keti katika kamati ya arusi usikilize mweka hazina akisoma: chakula, ukumbi, mapambo, magari, mpiga picha, kila kimoja kina bei, na bei hulipwa, nusu kabla ya siku yenyewe. Akifika kwenye kikundi cha ngoma, mtu mmoja husema, "Ah, wale vijana wa hapa hapa, tutawapa soda na nauli." Watu hucheka kidogo, na mambo husonga mbele. Siku ya arusi wageni watasahau pilau kabla ya kufika nyumbani, lakini ile ngoma ya kumwingiza bibi arusi wataisimulia mwaka mzima.

Parokiani nako hatusemi kwamba ni bora zaidi. Mpiga kinanda anakuja mazoezini Jumatano na Ijumaa, anapiga Misa mbili za Jumapili, Noeli na Pasaka halali, na malipo yake ni kuambiwa kwamba Mungu atamlipa. Ni kweli atamlipa. Lakini fundi wa bati aliyeziba paa la kanisa lile lile hakuambiwa hivyo. Alilipwa Jumamosi jioni. Wanaojitolea kwa moyo wapo, nao wana thawabu yao. Twasema juu ya wale ambao hawakuulizwa kama wanajitolea. Kumnyima mtu ujira kwa kuwa kazi yake yatufurahisha ni dhuluma ya ajabu, maana yake kazi ikizidi kupendeza, mfanyakazi azidi kukosa. Halafu ni sisi wale wale tunaomwambia mtoto: usisomee muziki, hauna fedha.

Kwa hiyo mzazi akituuliza kama anayo haki ya kukataa, jibu letu ni kwamba anaweza kukataa kwa sababu ya umaskini, au kwa sababu mtoto hana bidii, na dhamiri yake ikatulia. Kukataa kwa sababu kazi hiyo ni ya kudharauliwa, hiyo haki hana. Kwa maana dharau hiyo si ya kazi, ni desturi mbaya ya walaji wake. Wala hapaswi kumlazimisha mtoto asome uhasibu miaka mitatu ili ndipo apewe ruhusa ya kupiga zeze. Wengi huona ni busara, lakini mikono ya miaka kumi na minane haingoji.

Kijana naye ana deni lake. Kuna anayetaka kusomea muziki, na kuna anayetaka kuonekana katika televisheni. Hawa ni watu wawili hata wakiwa na sura moja. Kuwatenga si vigumu. Mtazame wakati hakuna anayemtazama. Je, huchukua gitaa bovu la kaka yake akarudia wimbo mmoja mpaka nyumba ichoke? Je, huchora hata pembeni ya daftari la hesabu? Au hupenda tu kusimulia atakavyokuwa? Wa kwanza anastahili kuuziwa mbuzi. Wa pili na asubiri mwaka mmoja.

Na mzazi aliyekwisha kukubali, asitume fedha kwa simu akadhani amemaliza. Apande basi, aende mwenyewe mpaka chuoni. Aulize mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, vinanda vizima ni vingapi, nota hufundishwa mwaka gani, na kama kijana atafunzwa kusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi. Kisha aombe ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa na kusikiliza somo moja tangu mwanzo hata mwisho. Chuo kinachokataa mgeni wa namna hiyo, fedha na irudi nyumbani na mwenyewe kwa basi la jioni.