Wajibu Hauajiriwi

Swali ninalotaka tulipime pamoja, kijana msomaji, ni hili: mtu akimlipa mwingine afanye kazi iliyompasa yeye mwenyewe, je, wajibu wake umekwisha? Swali hili laweza kupimwa kwa mambo makubwa, kama malezi ya watoto au utunzaji wa wazee. Mimi nimechagua jambo linaloonekana dogo, nalo ni ufugaji wa mbwa. Mbwa hana ulimi wa kumshitaki bwana wake, na haki ya asiyeweza kuidai ndiyo mizani iliyo bora ya wema wetu.

Tazama mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Kaloleni, Bahati, Jericho, Buruburu, Umoja na Kayole ni makao ya watu wa kazi. Alfajiri baba na mama hutoka kwenda mjini au viwandani, na jioni hurudi wamechoka. Baadhi yao hufuga mbwa kwa kuchelea wezi. Wako mbwa wanaoshinda wamefungwa minyororo langoni au juu ya paa la ghorofa, bila kivuli, bila maji ya kutosha, bila mwenzi. Usiku mbwa wa namna hii hufunguliwa, naye hutazamiwa ampambanue mwizi na mgeni mwema. Ni nani aliyemfundisha tofauti yao?

Kwa sababu ya haja hii, Nairobi ya leo ina watu ambao riziki yao ni kutunza na kufunza mbwa. Hupokea mbwa wa wenzao asubuhi, huwalisha, huwatembeza, huwazoeza adabu, na jioni huwarudisha kwao. Wako wanaoicheka kazi hii. Husema, “Mbwa atasomeshwaje, hali mtoto wa jirani amefukuzwa shule kwa kukosa karo?” Neno hili lina uzito, wala halifai kupuuzwa. Karo ya mtoto hutangulia, na mwenye fedha ya jambo moja tu hana budi kumlipia mtoto. Walakini, hapana aliyelazimishwa kufuga mbwa. Aliyefuga kwa hiari yake ametwaa deni kwa hiari yake, na asiyeweza kulilipa heri asilitwae. Tena, mtoto yule yule wa jirani ndiye apitaye kando ya lango akienda shuleni. Mbwa asiyefunzwa akikatika mnyororo, mguu utakaoumwa ni wa mtoto huyo. Basi kumtunza mbwa vema ni sehemu ya kumhifadhi mtoto.

Ufundi wenyewe hauna uchawi. Mtoto wa mbwa huzoea watu, sauti na wanyama wengine kwa wepesi zaidi tangu wiki ya 3 hata karibu na wiki ya 14 ya maisha yake. Samaki hukunjwa angali mbichi. Mfunzaji huchagua neno moja kwa tendo moja, wala halibadili. Mbwa akitii, hupewa kipande cha chakula au sifa papo hapo, ili aunganishe utii na furaha. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kipigo hufunza pia, lakini kifunzacho ni woga, na mbwa mwoga huwa mwepesi wa kuuma.

Hapa ndipo penye kiini cha swali letu. Mfunzaji aweza kumfundisha mbwa kuketi, kungoja na kuacha. Mbwa hurudi nyumbani jioni. Baba humwambia neno hili, mtoto neno lile, na mtumishi humrushia jiwe. Baada ya siku chache mafunzo yamepotea, na mwenye mbwa hulalamika kwamba fedha yake imeliwa. La, fedha yake haikuliwa. Alinunua saa za mtu mwingine, akadhani amenunua na uthabiti wake mwenyewe, kitu ambacho hakiuzwi mahali popote. Ndiyo maana mfunzaji mwaminifu hudai kumfundisha mwenye mbwa pamoja na mbwa wake.

Sheria nayo yafuata njia hiyo. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, humhesabu mwenye mnyama kuwa mkosefu hata kwa kukosa uangalizi ufaao wa kumkinga mnyama wake. Kutokupiga hakumtoshi, yampasa kuangalia. Fikiri vilevile juu ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huu zikisha kumtokea mtu, kupona ni nadra mno, na karibu wote wanaoupata huupata kwa mbwa. Chanjo imejulikana tangu Louis Pasteur alipoitumia kumwokoa mtoto aliyeumwa, mwaka 1885 huko Ufaransa. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa mwaka hata mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Daktari wa mifugo huchanja, lakini hawezi kubisha kila mlango kuuliza nani hajaleta mbwa wake. Sindano ni ya daktari. Kukumbuka ni kwa mwenye mbwa.

Sasa lipeleke swali mbali zaidi. Mzazi alipaye karo amefanya vema, lakini hakuwaajiri walimu wampende mwanawe kwa niaba yake. Nawe mwanafunzi, uliyewekewa mwalimu, kitabu na taa, wajua kwamba hapana awezaye kuelewa badala yako. Msaada wa kulipia ni halali na wenye heshima, kwa maana mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili. Ubaya huanza pale malipo yanapogeuzwa kuwa pazia la kujifichia.

Basi ukiwa mtu mzima, ukitamani kufuga mbwa au kutwaa dhamana iliyo kubwa kuliko hiyo, ajiri mikono kadiri ya haja yako na uilipe kwa haki. Kisha, jua likitua na watu wa ujira wakienda zao, jiulize ni nani sasa anayemtazama kiumbe huyu. Jibu la swali hilo lazima liwe jina lako.