Je, Ni Haki Kuacha Kazi Ili Kurudi Shuleni?



Tunawasalimu nyote, ninyi mlio hapa Nakivale na ninyi mliokwenda kutafuta maisha Kampala. Safari hii tumeona vema kuandika juu ya swali tuliloletewa na kijana mmoja wa kanisa letu. Jina lake hatulitaji. Yeye na mama yake wameturuhusu kuandika, kwa sababu swali hili limo katika nyumba nyingi.

Kijana huyu alipata shahada ya kwanza hapa Uganda kwa kufadhiliwa. Kwa miaka minne sasa anaandika hesabu katika ofisi moja ya Naguru, huko Kampala. Wanaopajua wanajua kwamba Naguru ni kilima, na ukishuka unafika Nakawa, penye Chuo cha Biashara cha Makerere, kile kinachoitwa MUBS, kilichoanzishwa mwaka 1997. Jioni akishuka kutafuta taksi anawaona watu wa rika lake wakienda darasani. Naye anataka kuacha kazi na kusoma miaka miwili, apate shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ambayo watu huiita MBA.

"Pasta," alituambia, "hapa nilipo nimefika mwisho. Wenye shahada hiyo wanakuja baada yangu na wanakuwa wakubwa wangu. Nikikaa miaka kumi, nitakuwa bado napanga risiti."

Tulimwuliza kama hawezi kusoma jioni na kufanya kazi mchana. Akasema mwisho wa mwezi hutoka ofisini usiku, na mkubwa wake amekwisha kumwambia achague moja. Wazee walisema, mshika mbili moja humponyoka.

Kisha tukamwuliza, "Mama anasemaje?" Akanyamaza.

Mama yake yuko hapa kambini na mabinti wawili wanaosoma sekondari. Kila mwezi kijana anawatumia shilingi laki mbili kwa simu. Ninyi mnajua laki mbili ni nini tangu mwaka 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipokosa fedha na kuwaondoa wakimbizi karibu milioni moja wa Uganda katika orodha ya msaada. Nyumba ya mama huyu ni mojawapo ya zilizoondolewa. Kwa hiyo laki mbili ni unga, ni maharagwe, ni ada.

Basi swali ndilo hili: je, ni haki mtu kuacha mshahara unaolisha wengine, ili ajiongezee elimu?

Kwanza, tusiseme upesi kwamba kijana ana tamaa. Sisi tuliokimbia tunajua vitu visivyokimbizwa. Nyumba ilibaki, ng'ombe walibaki, shamba lina mtu mwingine. Kilichovuka mpaka pamoja nasi ni kile kilichokuwa kichwani. Hata wenyeji wanajua jambo hili: mwaka 2011 familia nyingi za wapangaji katika nyumba za zamani za Naguru na Nakawa ziliondolewa, na nyumba zikabomolewa. Hakuna awezaye kubomoa alichojifunza mtu. Tena sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kutafuta kazi na kutembea. Mlango uko wazi, na si dhambi kutaka kuupita. Danieli naye alikuwa mateka ugenini, akakubali kusoma miaka mitatu lugha na elimu ya Wakaldayo (Danieli 1).

Pili, tuangalie jambo ambalo wengi hulisahau katika habari ya Danieli. Mfalme ndiye aliyelipa. Danieli alikataa nyama na divai, lakini hata mboga zake zilitoka kwa msimamizi wa mfalme. Kijana wetu hana mfalme. Ule ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, umewasomesha watoto wetu wengi, lakini ni kwa shahada ya kwanza. Kwa uzamili mtu hujitafutia. Kama hakuna mfalme, nani atalipa? Kijana alikuwa amepiga hesabu ya ada, ya chumba na ya vitabu, kama yule mjenzi wa mnara ambaye Bwana alimsema katika Luka 14. Aliandika yote vizuri katika daftari. Lakini unga wa mama yake haukuwamo katika daftari lile. Tulimwonyesha, akatazama chini. Mama yake alikuwa mlipaji wa kwanza wa masomo yale, na hakuwa ameambiwa.

Hapo, wapendwa, inatupasa kuungama jambo letu wenyewe. Mwaka 2004 tulikuwa tukifundisha shule ya msingi huko Kivu ya Kusini. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulikuwapo. Tukasikia wito wa kwenda chuo cha Biblia miaka mitatu. Tulirudi nyumbani jioni, tukamwambia Mama Pasta kwamba tumekwisha kuacha kazi. Tulimpa habari, hatukumpa swali. Kwa miaka mitatu alibeba unga wa mihogo sokoni, mtoto mgongoni. Siku ya kumaliza chuo watu walitupigia makofi. Yeye alisimama nyuma, na viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa waya. Tunaamini hata leo kwamba wito ule ulitoka kwa Mungu. Lakini Mungu aliyetuita hakutukataza kumwuliza mwenzetu. Hatutajua kamwe kama angekubali kwa moyo, kwa maana hakuulizwa.

Kwa hiyo tunasoma Marko 7 kwa hofu. Bwana aliwakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kusema kwamba mali ile imekwisha kuwa Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu. Neno jema lilitumika kufunga mkono. Elimu nayo ni neno jema. Nayo inaweza kuwa Korbani yetu, tukiitamka ili mtu yeyote asiweze kutuuliza kitu.

Tatu, kuna upande wa pili, nao ni wa wazazi. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba haiwapasi watoto kuwawekea wazazi akiba, bali wazazi kuwawekea watoto (2 Wakorintho 12). Ni kweli kwamba ukimbizi umegeuza mambo, na mtoto amekuwa shamba letu. Lakini hata mkulima maskini kabisa hali mbegu yote. Tunazijua nyumba ambazo kila shilingi ya kijana imekwisha kugawanywa kabla mwezi haujafika mwisho, na akisema neno moja juu ya maisha yake anaitwa mwenye kiburi. Huo nao si upendo. Kumheshimu mzazi si kukaa mahali pamoja mpaka kufa.

Nne, tusiifanye karatasi kuwa sanamu. Tunawajua waganga na walimu waliofika Kampala na diploma za Kongo, nao wakauza vitenge mitaani. MBA si ahadi ya kazi. Anayetaka kuisoma aulize kwanza: kazi ninayoitaka inahitaji karatasi hii kweli, au nataka tu kutoka mahali ninapoonewa? Kama anakimbia mkubwa mkali, atamkuta mwingine baada ya miaka miwili.

Sasa tuwaambie yaliyotokea. Kijana alipanda basi mpaka Mbarara, kisha akafika hapa. Tuliketi nyumbani kwa mama, na mabinti wakiwapo, kwa maana wao pia ni walipaji. Kijana alisoma daftari lake lote kwa sauti. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, nilidhani unataka kutuacha. Kumbe unaogopa tu kutuambia."

Hakukubali yote. Alisema binti mkubwa amebakiza mwaka mmoja sekondari, naye hawezi kutolewa shuleni ili kaka yake apate shahada ya pili. Kijana alikunja uso. Walibishana, na hatukuwaingilia. Mwishowe walipatana hivi: kijana atabaki kazini mwaka mmoja zaidi, mpaka dada yake amalize. Katika mwaka huo atatuma laki moja na nusu, na elfu hamsini atajiwekea. Mama ataongeza biashara yake ya karanga. Baada ya hapo yuko huru kwenda Nakawa, na mama hatamwita mwenye kiburi.

Je, mwaka mmoja ni hasara? Kwake ni hasara, wala hatumdanganyi. Mama pia ana hasara, kwa maana elfu hamsini kila mwezi ni chakula. Lakini kila mmoja anakijua anachokitoa, naye amekitoa kwa mkono wake. Sisi kwetu hilo halikuwapo.

Ndiyo sababu jibu letu si "ndiyo" wala "hapana". Kuacha kazi ili kusoma ni haki, kama wale watakaolala na njaa kwa ajili yake wameulizwa mapema, wakati jibu lao bado linaweza kubadili kitu. Mkiulizwa baada ya barua ya kuacha kazi kupelekwa, hamkuulizwa.

Katika vikundi vya nyumbani juma hili, tuzungumze maswali haya:

1. Je, nyumbani kwetu kuna mtu aliyelipa masomo yetu bila kuulizwa? Tumekwisha kumshukuru?
2. Je, kuna mtoto anayeogopa kutuambia anachotaka kusoma? Kwa nini anaogopa?

Nasi tuliongoja miaka mingi tumemwomba Mama Pasta msamaha, jioni tuliyorudi kutoka nyumba ile. Alicheka, akauliza kwa nini tumekawia hivyo.

Neema ya Bwana ikae nanyi.

Mchungaji wenu.