Je, Paka Mgonjwa Anatudai?

Wasomaji wengi watacheka wakiona kichwa cha habari hii. Nami sikasiriki, maana siku ya kwanza nalicheka mimi mwenyewe. Katika nchi yetu ya Ugogo, ambapo mvua hunyesha miezi michache tu, na mtama huweza kukauka kabla ya kutoa masuke, mtu akisema kwamba amekesha akimwuguza paka, jirani humtazama kama mtu asiye na kazi. Walakini jambo hili limenisumbua moyoni, nami nataka kulieleza, ili wenye akili kuliko mimi walipime.

Paka wetu alikaa nyumbani miaka tisa. Kazi yake ilikuwa kulinda kilindo cha nafaka, na kazi hiyo aliifanya bila kuagizwa. Hata mwaka juzi, baada ya mavuno, akaacha kula. Hakulia, wala hakutapika ila mara moja. Alijikunyata tu nyuma ya mtungi. Ndiyo desturi ya paka: akiumwa hujificha, na mwenye nyumba asiyeangalia hudhani kwamba amekwenda kuwinda. Siku ya pili mwanangu akaleta kidonge cha paracetamoli, akitaka kumpa nusu. Kwa bahati bwana mifugo alikuwa akipita, akamzuia kwa sauti kuu. Akatufundisha ya kuwa ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu, na kidonge kimoja chaweza kumwua. Mtoto alitetemeka, maana alitaka kutenda mema.

Basi nikamtia kikapuni, nikaenda naye Dodoma mjini kwa daktari wa mifugo, mmoja wa wale waliosoma katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huko Morogoro. Akamtoa damu, akamtazama tumbo kwa chombo cha mawimbi ya sauti, akasema kongosho limevimba. Kongosho ni kiungo kilaini kilicho karibu na mwanzo wa utumbo. Hutoa maji ya kusaga chakula, tena hutoa insulini, ambayo hutawala sukari katika damu. Katika ugonjwa huu maji yale huamka kabla ya wakati wake, yakaanza kukila kiungo kile kile kilichoyafanya. Maumivu yake ni makali. Mgonjwa hutiwa maji mwilini, hupewa dawa ya maumivu iwafaayo paka na dawa ya kichefuchefu, kisha hulishwa kidogo kidogo. Zamani madaktari walimnyima chakula ili kongosho lipumzike. Siku hizi wanajua kwamba paka asiyekula siku kadhaa mafuta ya mwili wake hukimbilia ini, nalo huweza kushindwa kazi.

Nalilipa shilingi 60,000. Fedha hizo zilikuwa za viatu vya binti yangu, naye akaenda shule na viatu vilivyotoboka mwezi mmoja zaidi. Sitaki kulificha neno hili, kwa kuwa ndilo kiini cha shauri lenyewe.

Mzee mmoja jirani yetu aliposikia alikuja kunionya. Akasema, “Mwalimu, wewe umesoma, lakini umesahau Mtunya.” Mtunya ni njaa kuu iliyotupata mwaka 1917 hata 1920, majeshi ya Wadachi na ya Waingereza yalipokwisha kuchukua ng’ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua ikakosa. “Waliookoka,” akasema, “walijua kuhesabu. Kinywa kisicho na faida hakikulishwa.”

Nikamwuliza, “Babu, na yule mbwa wako kipofu, mbona kila jioni hupewa ugali?”

Akanyamaza kidogo. “Yule alinilindia ng’ombe.”

“Na huyu mtama.”

Tukacheka sote wawili. Walakini usiku ule jibu langu halikunitosha. Kama deni ni ujira wa kazi tu, basi mtoto wa paka aliyevunjika mguu kabla ya kukamata panya hatudai kitu. Hilo siwezi kulikubali. Sisi ndio tuliomchukua mnyama huyu, tukamzoeza mlango wetu na mkono wetu. Mtu akiugua aweza kuita jirani, aweza kwenda zahanati. Paka hana mwingine wa kumwendea. Tangu mwaka 2008 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, nayo ni njema, lakini sheria haiamki saa nane za usiku kumpashia mgonjwa mchuzi wa samaki.

Tulimlisha hivyo wiki tatu, akapona. Ikapita miezi saba. Akaanza kunywa maji mengi mno, akakonda mifupa ikaonekana. Daktari akasema kongosho lililoharibika halitoi tena insulini ya kutosha. Itampasa kuchomwa sindano mara mbili kila siku, labda mpaka kufa kwake.

Hapo ndipo naliposimama. Katika kijiji chetu yuko mama mmoja mwenye ugonjwa wa sukari, na insulini itumiwayo na watu yaweza kutumiwa na paka pia. Nimemwona mama huyo akirudi mikono mitupu, chupa zimekwisha. Viatu vya binti yangu vilichelewa, navyo vikanunuliwa. Siku za mama yule haziwezi kungojea hivyo. Yamkini chupa yangu isingempunguzia kitu, lakini sikuweza kumpita njiani nikiwa nayo mfukoni. Wala kumwacha paka afe polepole kwa kiu na njaa, hilo pia sikuweza.

Nalimwomba daktari amlaze. Mke wangu aliniambia nimwachie daktari, nisitazame. Nilimshika mwenyewe, na haikuchukua muda.

Kesho yake mzee yule alikuja, akaketi kizingitini bila kusema habari ya Mtunya. Akauliza kama tulimtupa au tulimzika. Nikamwonyesha mahali, chini ya mkwaju. Akatazama udongo, akasema mawe ni machache, fisi watamfukua. Akaenda kuleta mengine.