Amani Ipatikanayo kwa Mwivi

Katika nchi ya Japani wamo wahalifu waitwao yakuza. Vyama vyao vilikuwa na ofisi zenye vibao mlangoni, na polisi walizijua. Mwaka 1963 walihesabiwa watu kama 184,000. Wako polisi waliovumilia, wakidhani kwamba mkubwa wa chama huwazuia vijana wake wasiibe ovyo. Lakini, ndugu msomaji, mwenye duka aliyetozwa fedha kila mwezi, je, amani ile ilikuwa yake? Sheria ya 1991 haikuvifuta vyama hivyo, ilivibana tu. Tena tangu 2011 kanuni za mikoa yote zamkataza raia kuwapa fedha. Yule yule aliyeachwa peke yake zamani, sasa ndiye aagizwaye kuwa shujaa.