Fyuzi, Breka na Nafasi ya Pili

Je, ni hisani kumpa mtu nafasi ya pili wakati wa hatari, au hisani kubwa zaidi ni kumnyima? Watu huliuliza swali hili wanapozungumzia malezi ya watoto au adhabu za mahakama. Mimi, ambaye riziki yangu imetoka katika nyaya za umeme, limenijia kwa mlango mwingine. Limenijia kwa kufuatilia mabishano ya watu wanaojitengenezea ndege: waweke fyuzi, au waweke breka, yaani ile swichi inayojifyatua yenyewe, katika mitambo ambayo ikizimika injini nayo huzimika?

Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba wapo watu wanaojiundia ndege nyumbani. Wapo, tena wengi, hasa Marekani, ambako chama chao kilianzishwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin. Sheria ya nchi ile inawaruhusu, mradi sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na watu waliojenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Lakini inawataka wabandike ndani ya ndege ilani ya kumwambia abiria kwamba chombo hiki hakikutimiza masharti ya usalama ya ndege za kawaida. Nimeitafakari sana ilani hiyo. Maana yake ni kwamba mengi ambayo kiwandani huamuliwa na kanuni, hapa yameachiwa dhamiri ya mtu mmoja.

Tuanze na kazi ya vitu hivi viwili. Wengi hudhani kwamba fyuzi hulinda kifaa. La, kwanza hulinda waya. Waya ukipiga shoti, umeme hupita kwa wingi usio na kiasi, waya ukapata moto na gamba lake likaungua. Fyuzi ni kipande chembamba kilichokusudiwa kuyeyuka kabla ya waya kufika hapo. Ikishakata, imekufa. Breka inayotumika sana katika ndege ndogo ina kipande cha madini ambacho hupinda kwa joto na kufyatua kitufe. Kikipoa, rubani aweza kukibonyeza na umeme ukarudi. Kwa hiyo fyuzi hutoa hukumu isiyo na rufani. Breka inakubali rufani, na hakimu wa rufani hiyo ni rubani mwenyewe, akiwa angani, moyo ukimdunda.

Wanaoitetea breka wana hoja nzito. Yawezekana imejifyatua bila sababu kubwa, na mtu akafa kwa kukosa kitufe cha kubonyeza. Tena breka yaweza kuvutwa kwa makusudi ili kuunyima umeme mtambo ulioharibika. Kanuni za Marekani za ndege ndogo za kiwandani zilisema kwa miaka mingi kwamba, kama kurudisha breka au kubadili fyuzi ni jambo la lazima kwa usalama angani, basi iwekwe mahali ambapo rubani ataifikia kwa urahisi.

Lakini hebu tutazame jambo lililotokea. Tarehe 10 Julai 2007, ndege aina ya Cessna 310 iliangukia nyumba huko Sanford, Florida. Walikufa wawili waliokuwamo na watatu waliokuwa chini. Siku moja kabla, rubani mwingine alisikia harufu ya kuungua. Akavuta breka ya rada ya hali ya hewa, harufu ikakoma, naye akaliandika tatizo hilo. Ndege ikaachwa iruke kesho yake bila kutengenezwa. Wachunguzi waliona kwamba yaelekea moto ulizuka angani, na kwamba huenda breka ile ilikuwa imerudishwa. Ile harufu ilikuwa habari, na breka iliyovutwa ilikuwa habari. Habari zote mbili zilipuuzwa, na walioangukiwa hawakuwa wamepanda chombo chochote.

Wala nisimdanganye msomaji kwamba fyuzi ni malaika. Katika ajali ya ndege ya Swissair nambari 111, Septemba 1998, iliyoua watu 229 karibu na pwani ya Nova Scotia, uchunguzi ulionyesha kwamba cheche za waya ziliweza kuwasha vitu vilivyo karibu bila breka kufyatuka. Cheche za vipindi zaweza kuipita hata fyuzi. Kinga yoyote ina mpaka wake.

Basi mtambo wa lazima tuufanyeje? Tuseme injini inategemea pampu ya mafuta ya umeme, na fyuzi yake imekata. Hapo hukumu isiyo na rufani inaonekana kuwa ukatili. Lakini mimi naona kwamba swali limeulizwa kwa kuchelewa. Kosa halikuanza fyuzi ilipokata. Lilianza siku fundi alipouning'iniza uhai wake kwenye waya mmoja. Injini za zamani za ndege zilibeba magineto mbili, kila moja ikijizalishia cheche zake bila kuomba betri. Waliozibuni walijua kwamba kila kitu huharibika. Mwenye kuweka pampu mbili, kila moja na waya wake na fyuzi yake, hana haja ya kubembeleza ile iliyokufa. Atawasha ya pili, atatua, kisha atatafuta sababu akiwa na miguu ardhini.

Nafasi ya pili, basi, ni jambo jema, ila ina wakati wake wa kutolewa. Itolewe karakanani, jioni, mtu akiwa ametulia na kalamu mkononi, akijiuliza kila kitu kikifa kitafuatiwa na nini. Kuiahirisha mpaka angani ni kumtwika mtu mwenye hofu kazi ya mtu mwenye utulivu. Na yule abiria aliyeisoma ilani akakubali kupanda, hakuukubali ushujaa wa rubani wa kubonyeza vitufe. Alikubali kwamba kuna mtu aliyekwisha kufikiri kwa niaba yake. Deni hilo hulipwa kabla ya injini kuwashwa.