Utii na Hiari katika Mafunzo ya Ukadeti

Mafunzo ya ukadeti katika shule za sekondari za Marekani, JROTC kwa kifupi, yalianzishwa kwa sheria ya ulinzi ya mwaka 1916. Wakufunzi wengi ni wanajeshi wastaafu. Mwanafunzi huvaa sare, hukaguliwa viatu na vifungo, hupiga kwata na kusoma uongozi, wala halazimiki kujiunga na jeshi baadaye.

Je, tabia njema hujengwa kwa amri? Aristotle alifundisha kuwa fadhila huzaliwa na mazoea: mtu huwa jasiri kwa kutenda ya kijasiri. Kwa hoja hiyo kwata ina maana kubwa. Lakini alitaka pia mtendaji ajue anachotenda na akichague mwenyewe, na hapo amri hukwama. Sheria nayo imeweka mpaka wa amri: mwaka 1943, katika kesi ya Mashahidi wa Yehova wa West Virginia, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba shule haiwezi kumlazimisha mtoto kusalimu bendera.

Chama cha wanafunzi wa kilimo, FFA, kilichoundwa mwaka 1928 mjini Kansas City, nacho kina sare, koti la buluu. Humo, hata hivyo, mwanafunzi huendesha mradi wake: hulisha ndama, huandika gharama za chakula na dawa. Ndama akisahauliwa hukonda, na hakuna afande wa kulaumiwa. Nidhamu hiyo ina mizizi mirefu zaidi.

Zipo shule zilizowaandikisha wanafunzi katika ukadeti bila kuwauliza. Hilo ni kosa, hata pale mafunzo yenyewe yanapokuwa mazuri.