Mtu Akianguka Kutoka Juu ya Nyumba, Damu Yake Iko kwa Nani?



Kila mwaka mwezi wa kumi, hapa Lubumbashi, mwenye magazini anatazama juu. Mvua iko karibu, malata yametoboka, mzinga wa maji unavuja. Basi vijana wanaitwa, wanapanda juu ya nyumba za biashara bila kamba, bila kitu cha kushika, na jioni wanalipwa pesa ya siku. Wengi kati yetu wanaishi kwa kazi hiyo. Wengine kati yetu ndio wanaowaita. Kwa hiyo swali hili linatuhusu sisi wenyewe.

Yatupasa kuanza kwa kuungama. Kabla ya kupewa utumishi wa ushemasi, tulifanya kazi ya ukapita kwenye shantie ya depo moja mjini. Siku moja wingu lilikuwa jeusi, nasi tukamwambia kijana mmoja apande haraka, apigilie malata kabla ya mvua. Kati ya malata ya chuma palikuwa na malata ya plastiki, yale yanayoingiza mwanga ndani. Vumbi lilikuwa limeyafunika, yakafanana na mengine. Kijana akakanyaga, yakapasuka, akaanguka karibu metre tano juu ya simenti. Mungu alimhurumia, hakufa. Lakini tangu siku ile mguu wake haukuweza tena kupanda ngazi.

Sasa sikieni dhambi yetu. Jamaa yake walisema, “Ameroga mtu.” Jina la shangazi yake mzee likatajwa, na watu wakaacha kumsalimia. Sisi tulijua ya kwamba hakuna aliyemwonyesha kijana malata ya plastiki, wala aliyetandika mbao za kukanyagia. Tulijua, tukanyamaza, kwa sababu uongo ule ulitufaa. Mama mzee alibeba mzigo uliokuwa wetu.

Jambo hili si geni. Katika 2 Wafalme sura ya 1 twasoma habari za mfalme Ahazia, aliyeanguka kutoka dirisha la chumba cha juu huko Samaria. Alituma wajumbe mpaka Ekroni kumuuliza Baal-zebubu kama atapona. Hatusomi popote ya kwamba aliuliza habari za dirisha. Nasi tunafanya vivyo hivyo: tunatafuta mbali, na sababu iko juu ya vichwa vyetu.

Torati inajibu swali letu waziwazi. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mwenye kujenga nyumba mpya anaamriwa kuzungushia dari yake ukingo, ili nyumba yake isipate hatia ya damu mtu akianguka. Siku zile dari ilikuwa bapa, tena ilikuwa mahali pa kazi. Rahabu alitandaza kitani chake huko juu.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, agizo hili linamfikia mwenye nyumba siku ya kujenga. Halingoji mtu aanguke. Asiyeweka ukingo tayari ana deni, hata kama miaka kumi itapita bila msiba. Pili, halimuulizi aliyeanguka kama alikuwa mzembe, au mgeni, au mwenye usingizi. Linasema mtu, basi. Ukingo humlinda hata aliyesahau kujilinda.

Najua wengine watajibu, “Lakini alikubali mwenyewe kupanda.” Ndugu, yule ambaye watoto wake hawajala tangu jana, amekubali nini? Ukimwambia achague kati ya hatari na njaa, hujampa uhuru; umempa njia mbili za kufa.

Wengine watasema, “Sisi ni watu wa sala, Mungu atatuma malaika.” Mnakumbuka Mathayo sura ya 4. Aliyemweka Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe alikuwa ni Ibilisi, naye alitaja malaika vizuri sana. Yesu alikataa kumjaribu Mungu. Basi sisi tunapompandisha mtoto wa mwenzetu bila kamba huku tukisema Mungu atamlinda, tunafuata mafundisho ya nani? Tuombe, tena tufunge kamba.

Na wengine watasema gharama. Mwenye duka hufunga mlango kwa kufuli tatu ili bidhaa zisiibiwe. Je, gunia la sukari lina thamani kupita mtu?

Basi ukingo wa leo ni nini? Ni reli imara pembeni mwa paa; sheria za Ufaransa zataka kimo cha metre 1 mpaka metre 1.10, na mti wa pili katikati, na ubao chini ili nyundo isianguke juu ya wapitao. Ni kufunika kila tundu na kila lata la plastiki kwa kitu kizito kilichopigiliwa. Pale ambapo reli haiwezekani, ni mkanda unaoshika mapaja na mabega, wala si kamba ya kiunoni inayoweza kuvunja mgongo. Kamba yenyewe ifungwe kwenye chuma au beto ya nyumba, si kwenye bomba la maji. Marekani wanataka mahali hapo paweze kushika karibu kilo 2,270 kwa mtu mmoja, kwa maana mwili unaoanguka huvuta kupita uzito wake mara nyingi. Na pawepo watu wanaojua namna ya kumshusha haraka, kwa sababu aliyening'inia kwa muda mrefu anaweza kufa ndani ya mkanda wake. Mvua ikinyesha, kazi isimame.

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Kodi ya Kazi, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, yamtaka mwajiri aangalie usalama, afya na heshima ya mfanyakazi. Na mwaka 2022 Shirika la Kazi la Kimataifa lilihesabu usalama kazini kuwa moja ya haki za msingi za mfanyakazi. Kumbe dunia imefikia pale ambapo Torati ilikuwa imesimama tangu zamani.

Wapendwa, tulichelewa, lakini tulikwenda kwa mama yule mzee kumwomba msamaha mbele ya jamaa yake. Alitusamehe. Kisha akauliza kama wanaopanda pale sasa wana kitu cha kushika. Hatukuwa na jibu. Kesho yake tulikwenda kwa mwenye depo.

Patro aliye kati yetu, kabla ya mvua kuanza, mtume mtu anayejua akague paa lako. Kapita, usimtume mtu pale usipoweza kumpandisha mwana wako. Kijana, ukisema, “Baba, nipe kwanza kamba,” hujamkosea mkubwa wako heshima. Na sisi sote, mtu akianguka, tuache kutafuta mchawi. Tuulize ukingo uko wapi.

Bwana azilinde nyumba zetu zisipate damu. Amina.